UZI: Insulini, chanjo na dawa za jamii hiyo: barafu nayo inaua dawa

famasi_pemba

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Hapa dirishani kwangu haipiti muda bila ya mtu kuniletea chupa ya insulini iliyoganda. Kaizungushia barafu, kaitia kwenye kikopo, kaja nayo kwa uangalifu wote. Sukari haishuki, anataka kujua kwa nini. Aliambiwa dawa ikae kwenye baridi, naye kaitii kauli hiyo mpaka mwisho. Maelezo aliyopewa ndiyo yaliyokuwa nusu.

Watu wetu wanaogopa joto, na wana haki, kwani Kaskazi ya mwezi wa pili kila mtu anaijua. Lakini hofu hiyo imezaa imani kwamba baridi ikizidi ndiyo dawa inazidi kuwa salama. Sivyo. Insulini na dawa za protini kama hiyo zinataka nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikifika kuganda, hata mara moja tu, hata ikayeyuka ikarudi maji yale yale, haifai tena kuchomwa.

Sababu ni umbile lake. Panadoli ni kemikali ndogo, ngumu, haijali sana. Insulini ni protini: asidi amino 51 zilizoungwa na kukunjwa kwa mkunjo maalumu, na mkunjo huo ndio unaofanya kazi mwilini. Kingamwili zinazotumika kutibu saratani ni kubwa zaidi, asidi amino zaidi ya 1,300. Mkunjo ukiharibika, dawa imekwisha, kama ute wa yai ukishaiva haurudi kuwa ute. Joto linaukunjua. Barafu inaukunjua kwa njia nyingine: maji yakiganda, chumvi na protini zinabanwa pamoja kwenye yale maji machache yaliyobaki, zinagandana. Na kutikisa nako kunaukunjua, jambo ambalo wengi hawalijui. Ukitikisa chupa mpaka ikatoa povu, kila kipovu ni mahali maji yanapokutana na hewa, na protini zikifika hapo zinafunguka na kushikana vifundo vifundo.

Vifundo hivyo si hasara ya nguvu tu. Mwili unaweza kuviona ni adui ukatengeneza kingamwili dhidi ya dawa yenyewe. Kati ya mwaka 1998 na 2003 huko Ulaya na kwingineko, wagonjwa wa figo waliokuwa wakichomwa aina moja ya erithropoietini (dawa ya kuongeza damu) chini ya ngozi walipatwa na hilo. Miili yao ilishambulia dawa, kisha ikashambulia hata erithropoietini yao ya asili, wakaacha kabisa kutengeneza chembe nyekundu za damu. Uchunguzi ulielekea kwenye namna dawa ile ilivyoundwa na ilivyotunzwa.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba mara nyingi huoni kitu kwa macho. Dawa iliyokufa inaweza kuwa safi kama iliyo hai. Kwa hiyo usalama wake uko kwenye mikono iliyoipitisha: ya duka, ya boti, ya nyumbani, ya nesi. Tuzungumze. Wauguzi, wagonjwa, wazazi, karibuni nyote.

---

mama_wa_wete

Waalaykum salaam kaka. Nina kijana wa miaka kumi na moja, anachoma mara mbili kwa siku. Friji letu ni la mlango mmoja na ndilo ninalouzia barafu na malai za watoto wa skuli. Nimelifunga namba ya mwisho ili zigande upesi. Insulini naiweka juu kabisa karibu na pale panapoganda, nikijua ndipo penye baridi nzuri. Sasa umenitia hofu.

---

famasi_pemba

Dada yangu, ahsante kwa kuuliza, maana friji la namna hiyo liko nusu ya mitaa yetu. Hapo juu karibu na kisanduku cha kugandisha hapafai kabisa. Mlangoni pia hapafai, kwani kila anayekuja kununua malai anaufungua na joto linaingia. Itie kwenye kikopo chenye kifuniko, iweke rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma ambao nao hushika barafu. Rafu ya chini jaza chupa za maji. Umeme ukikatika zitashika baridi kwa saa kadhaa ikiwa mlango haufunguliwi.

Lakini friji lililofungwa namba ya mwisho silipendi hata katikati. Kama biashara haikuruhusu kulipunguza, ziombee chupa ambazo hazijafunguliwa nafasi kwa jirani asiyeuza barafu. Ile inayotumika si lazima ikae kwenye friji. Chupa iliyokwisha funguliwa inakaa nje wiki 4 mahali pa kivuli pasipozidi nyuzi 30, na baadhi ya aina ni wiki 6, karatasi ya ndani ya boksi itakwambia. Andika tarehe ya kufungua juu ya lebo kwa kalamu. Isiyofunguliwa ndiyo inayohitaji 2 hadi 8 mpaka siku yake.

Na nunua kipimajoto cha friji. Bila ya hicho tunabahatisha.

---

ami_ng'ambo

Vijana, mie ni mtu wa sukari wa zamani. Mnazungumza friji, friji. Mwishoni mwa 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima ilikaa kiza miezi mitatu, kebo ya chini ya bahari ilipoharibika. Na 2008 tulishapata mwezi mzima. Insulini tuliitia kwenye mtungi wa udongo, tukaufunika kitambaa kibichi, tukauweka kwenye upepo. Na tupo hai. Msiwatishe watu kwamba bila ya friji ni kifo.

---

famasi_pemba

Shikamoo ami. Sikupingi, na nashukuru umeutaja mtungi, maana vijana wengi wanauona ushamba na ni elimu ya kweli. Maji yakipenya udongo na kukauka nje yanabeba joto, ndani kunapoa.

Ila niongeze jambo moja. Mtungi unafanya kazi vizuri zaidi penye hewa kavu. Sisi tumezungukwa na bahari, hewa imejaa unyevu, maji hayakauki upesi, kwa hiyo mtungi wa Ng'ambo haupoi kama mtungi wa Dodoma. Unakupunguzia nyuzi chache. Chache hizo zina maana kubwa mchana wa Februari, lakini mtu asidhani amepata friji. Chupa nayo isiguse maji. Itiwe kwenye kikopo kikavu kwanza, au mtungi mdogo ndani ya mkubwa na mchanga mbichi katikati.

Na kuna habari ya kumtia moyo asiye na friji. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto halisi la nyumba za kambi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Kisha wakaiweka insulini kwenye joto la namna hiyo wiki 4 maabara. Matokeo yalitoka 2021: nguvu iliyopotea haikuzidi asilimia 1. Kwa hiyo mgonjwa asiye na friji anaweza kutunza insulini yake nyumbani kwa mwezi, kwa chupa inayotumika, kwenye kivuli. Hii si ruhusa ya kuiacha ndani ya gari lililofungwa au juu ya dirisha la jua.

Ndiyo maana narudia: kwa mtu wa nyumbani, chupa iliyolala kabatini inanipa hofu ndogo kuliko iliyolala juu ya barafu.

---

ami_ng'ambo

Marahaba mwanangu. Hapo tumeelewana.

---

nesi_wa_shamba

Mimi niseme la utayarishaji, kwani dawa inaweza kufika salama ikafia kwenye bomba la sindano.

Insulini ya maji maangavu ukiiona imechafuka, usiitumie. Ile nyeupe kama maziwa, pamoja na ile ya mchanganyiko wa 30/70, dawa inatuama chini. Ukichoma bila ya kuichanganya, leo unapata maji matupu, mwisho wa chupa unapata dawa nzito, na mgonjwa anaanguka. Basi watu wanaitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi. Hapana! Iviringishe polepole baina ya viganja mara kumi, kisha ipindue juu chini taratibu mara kumi, mpaka weupe uwe mmoja kote. Ukiona chembe zinaelea, au ndani ya kioo kumeshika kama ukungu wa barafu, weka pembeni.

Kuvuta nako kuna adabu yake. Bomba liwe la uniti 100 kwa chupa ya uniti 100 kwa mililita. Usikubali bomba jingine kwa sababu "ndilo lililopo". Ingiza hewa kiasi cha dozi, vuta polepole, toa mapovu. Ikiwa daktari kaandika aina mbili kwenye bomba moja, anza na ya maangavu, malizia na nyeupe. Ukigeuza, tone la nyeupe likaingia kwenye chupa ya maangavu, umeiharibia ile ya haraka uharaka wake. Na zile za muda mrefu kama glajini hazichanganywi na kitu chochote.

Wenye kalamu za insulini: ukimaliza kuchoma toa sindano yake. Ukiiacha, joto likipanda dawa inavuja, likishuka hewa inaingia, na kesho dozi si dozi.

Kwa wenzangu wa wodini, insulini inapenda kushika kwenye plastiki ya dripu. Tengeneza, kisha pitisha mililita 20 kwenye mpira uzimwage kabla ya kumuunganisha mgonjwa. Usipofanya hivyo saa za mwanzo mpira ndio unaokunywa dawa.

Sasa chanjo. Kile kiduara chenye mraba ndani kwenye lebo ya chupa: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, tumia, ukifanana nalo au ukawa mweusi zaidi, iache. Lakini kinaonesha joto tu. Chanjo iliyoganda kiduara kitabaki kizuri kabisa! Pepopunda, homa ya ini B, ile ya tano kwa moja (inayokinga magonjwa matano), zote zina chumvi ya aluminiamu, na barafu inaivunja. Ukizitilia shaka, chukua chupa moja ya toleo hilo hilo la kiwandani, igandishe makusudi usiku kucha, iyeyushe, kisha izungushe pamoja na ile unayoitilia shaka, uzisimamishe mezani utazame. Ikiwa zote mbili zinatuama upesi kwa mabonge, ile ya pili nayo imeganda.

Na pakiti za barafu kabla ya kuziweka kwenye kibebeo cha chanjo, ziache nje zianze kuyeyuka, mpaka ukiitikisa pakiti usikie maji yanacheza ndani. Kuna vituo wanazitoa kwenye friza na kuzitia moja kwa moja kwa sababu watoto wanasubiri. Nimeliona hili na linaniuma.

---

mwanafunzi_uuguzi

Dada nesi, shikamoo. Kuhusu surua na BCG (ya kifua kikuu), kwa nini tunaambiwa saa 6 tu baada ya kuchanganya, na ile ya tano kwa moja inaweza kukaa siku 28?

---

nesi_wa_shamba

Marahaba mdogo wangu. Surua na BCG hazina kihifadhi cha kuzuia vijidudu. Ukishatia maji, bakteria akiingia kwa sindano anazaana humo humo. Ndiyo maana saa 6 au mwisho wa kikao, lolote litakalotangulia, chupa inatupwa hata ikiwa na dozi nane. Roho inauma, najua. Mwaka 2017 Sudan Kusini watoto 15 walifariki kwa chanjo ya surua iliyoingia vijidudu: bomba moja la kuchanganyia lilitumika siku nne, na chanjo ikakaa bila ya baridi.

Na maji ya kuchanganyia ni yale yaliyokuja na chanjo hiyo, ya kiwanda hicho hicho, yaliyopozwa kabla. Yakiwa ya moto unaunguza virusi hai mwanzoni kabisa.

Nataka ulijue la Samoa, kwani nayo ni visiwa vidogo kama sisi. Julai 2018 watoto wachanga 2 walifariki muda mfupi baada ya chanjo ya surua. Waliochanganya walichukua chupa ya dawa ya kulegeza misuli ya chumba cha upasuaji, na muda wake umekwisha, wakadhani ni maji. Chanjo yenyewe ilikuwa salama. Wazazi wakaogopa, chanjo zikasimama, na mwaka uliofuata surua ikaua watu 83, wengi wao watoto wadogo. Kwa hiyo kwenye friji la chanjo hakuna kingine kinachowekwa. Hakuna insulini ya bosi, hakuna dawa ya usingizi, hakuna soda. Na kabla ya kuvuta, soma lebo kwa sauti, mwenzako asikie.

---

mwanafunzi_uuguzi

Ahsante sana. Swali la mwisho, kwenye mafunzo tuliona trastuzumabu ya saratani ya matiti. Mwenzangu mmoja alitaka kuitia kwenye dripu ya glukosi, akazuiwa kwa nguvu. Hatukuelezwa sababu.

---

mchanganyaji

Nijibu mimi, hiyo ndiyo kazi yangu.

Aliyemzuia alifanya vyema. Trastuzumabu ndani ya glukosi ya asilimia 5 inagandana, protini inafanya vifundo. Ni maji ya chumvi ya asilimia 0.9 peke yake. Nayo rituksimabu, kingamwili nyingine, inakubali yote mawili, ndiyo maana watu wanachanganyikiwa. Usikariri kwa jamii ya dawa; soma ya dawa hiyo.

Unga wa trastuzumabu unapouyeyusha, elekeza maji yateremke ukutani mwa chupa, yasiupige unga katikati. Kisha izungushe taratibu, mzunguko wa mkono tu. Povu kidogo litatokea, ni kawaida; iache imesimama kama dakika 5 lishuke. Hizo dakika 5 ndizo watu wanazoziiba, wakaanza kutikisa. Ukiinua kwenye mwanga iwe safi, au na unjano hafifu. Mfuko nao usiugongegonge, uupindue polepole. Inaingia kwa dripu, haisukumwi kwa bomba.

Chupa za dozi moja hazina kihifadhi. Zilizobaki kidogo kidogo usizikusanye kwenye bomba moja kwa ajili ya mgonjwa mwingine, hata dawa iwe ghali vipi. Huo ni mlango wa vijidudu kwenye damu ya mtu ambaye kinga yake tayari imeshuka.

---

bahari_ya_mkoani

Mie nasafirisha mizigo, mara nyingine watu hunipa dawa ya kuvusha kutoka Unguja. Wananipa deli limejaa barafu na chupa zimezama ndani. Nifanyeje?

---

famasi_pemba

Ndugu yangu, kwanza usikubali deli lisilo na maelezo yaliyoandikwa. Pili, chupa zisiguse barafu kabisa. Kwa insulini mimi napenda chupa za maji ya friji, yaliyo baridi lakini hayajaganda. Kwa safari ya boti zinatosha. Ikibidi barafu, iwe imeanza kuyeyuka, ifungwe taulo, na dawa iwe ndani ya boksi lake, juu, na gazeti nene katikati. Deli lisikae sitahani kwenye jua wala karibu na injini. Ukifika Mkoani usiliache bandarini mpaka mwenyewe apige simu.

---

mama_wa_wete

Kaka, nirudi kwangu. Wiki iliyopita sukari ya mwanangu ilikuwa inasoma juu kila siku. Mahali tulipokwenda wakaniongezea dozi, ikawa karibu mara moja na nusu. Sasa kwa haya niliyosoma nafikiri chupa ile iliganda. Nina chupa mpya kutoka Chake. Nimchome kwa dozi ipi?

---

famasi_pemba

Dada, nakuomba usome hapa pole pole, na wengine pia wasome.

Hii ndiyo hatari ninayoiogopa kuliko zote. Dawa imedhoofika, sukari inapanda, dozi inaongezwa. Inaongezwa tena. Kisha inakuja chupa mpya yenye nguvu zake zote, mtoto anachomwa ile dozi iliyopandishwa, na usiku sukari inaporomoka. Mtoto anatoka jasho, anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka, au anazimia usingizini na wewe unadhani amelala.

Kwa hiyo usimchome dozi ile ya juu kwa chupa mpya. Mpigie daktari wake leo hii, mwambie maneno haya: dozi iliongezwa wakati wa chupa ninayoshuku iliganda, sasa nina chupa mpya. Yeye ndiye atakayekupa namba. Asiposhika simu, nenda hospitali ukiwa na chupa zote mbili na daftari la vipimo. Mpime mara nyingi zaidi siku hizi mbili tatu, na usiku umwamshe umpime. Sukari au juisi iwe karibu na kitanda.

Na usiache kumchoma. Mtoto mwenye sukari ya aina ya kwanza hakai bila ya insulini. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu, mdomo ukanuka kama matunda yaliyoiva sana, hapo hakuna kusubiri daktari ashike simu.

---

nesi_wa_shamba

Naongezea, shoga yangu: mpapase pale unapomchoma. Kama kuna uvimbe laini wa mafuta kwa sababu ya kuchoma pahala pamoja, dawa haiingii sawasawa, na chupa inasingiziwa. Mwambie daktari hilo pia. Ukimhamishia pahala pazuri dawa itafanya kazi kwa nguvu zaidi, hivyo dozi itazamwe upya hapo nako.

---

mama_wa_wete

Nimempapasa, kweli pajani kuna kivimbe. Nimempigia daktari, kashika. Karudisha dozi ya zamani na kaniambia nimpime saa nane usiku. Ile chupa nyingine nilitaka kuitupa.

---

famasi_pemba

Alhamdulillah. Usiitupe. Ifunge, iandike USITUMIE, piga picha ya lebo ionekane jina la dawa na namba ya toleo, kisha iletwe famasi ulikoipata. Watajaza fomu ya tatizo la dawa ya Wakala wa Chakula na Dawa wa Zanzibar, ZFDA. Namba ya toleo ndiyo itakayoonesha kama ni friji la nyumbani au kuna wengine wenye chupa za toleo hilo hilo sukari zao hazishuki. Na kwa kila mgonjwa wa dawa hizi, wauguzi, namba hiyo iandikwe kwenye faili siku ya kuchoma.